Mtoto mwenye ADHD na homuweki: mvushe pale pa kuanza, mengine yatafuata

Saa kumi na mbili jioni nyumbani kwangu ilikuwa inajulikana mpaka kwa majirani. Yani ikifika hiyo saa jirani anafunga dirisha lake, maana anajua sasa hivi yule mama ataanza, "kaa chini! andika! penseli iko wapi? si nimekupa sasa hivi, umeipeleka wapi?" na kijana naye analia kama anachinjwa, na hesabu zenyewe ni kumi, kumi tu jamani, ambazo mtoto wa huyo huyo jirani anazimaliza kabla uji haujapoa. Sisi tulikuwa tunakwenda nazo mpaka saa tatu usiku. Siku moja nikachana ukurasa. Mi mwenyewe, mtu mzima, nimechana daftari la mtoto kwa hasira, halafu nikaenda jikoni kulia na wala vitunguu sikuwa nakata.

Naandika hii kwa mzazi ambaye sasa hivi yuko pale nilipokuwa mimi. Kijana wangu ana miaka 9, yuko darasa la tatu, aligundulika ana ADHD, yani ile hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia, kuwa makini na kujizuia, akiwa darasa la kwanza. Mi sio daktari wala mwalimu, ni mama tu wa Dar niliyechoka kupiga kelele, na haya nimeyajaribu kwenye mkeka wangu, mengine yamekubali mengine yamegoma. Ila kama una haraka chukua hili moja uende nalo: huyu mtoto hajakataa homuweki, kinachomshinda ni KUANZA. Sisi nguvu zetu zote tunazimaliza kumsukuma amalize, wakati mwenzio hata hajaingia mlangoni.

Kwanza hakikisha ni yenyewe

Kwetu mtoto asiyetulia ana majina mengi, mtundu, mtukutu, jeuri, kichwa maji, na sikuizi watu wakisikia ADHD wanadhani ndo usonji. Sio. Usonji ni kitu kingine, japo mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Na daktari hawezi kukwambia ni ADHD kwa kumwangalia dakika 5 akiruka ruka kwenye kiti, lazima aulize habari za nyumbani na za shuleni, dalili zionekane sehemu zaidi ya moja, ziwe zimekaa miezi 6 au zaidi, na ziwe zilianza kabla mtoto hajafika miaka 12. Kama anasumbua kwako tu na kwingine kote ametulia basi hapo nyumbani kuna jambo lingine, litafute.

Kapime macho na masikio kabla ya yote. Ulizia pia shida ya kusoma, kuna watoto herufi zinawachanganya kabisa na mara nyingi hiyo inatembea pamoja na ADHD, unaweza ukamtesa mtoto ukisema hana adabu kumbe swali lenyewe hawezi kulisoma. Na usisahau ile ADHD ya kimya, hasa kwa wasichana, hakimbii, hapigi kelele, amekaa zake anaangalia dirishani na daftari jeupe, wanamwita mvivu mpaka anamaliza shule. Pa kuanzia ni hospitali yenye kliniki ya watoto au idara ya afya ya akili, kwa Dar hata Muhimbili ipo.

Kwa nini anagoma

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Philip Shaw walitoa matokeo ya picha za ubongo za watoto 223 wenye ADHD na wengine 223 wasio nayo. Wakakuta ubongo wa wenye ADHD unakomaa kwa mpangilio ule ule wa wenzao ila unachelewa kama miaka 3, na panapochelewa zaidi ni mbele, kwenye kazi za kupanga, kusubiri na kujizuia. Niliposoma hiyo nikamwangalia wangu nikapiga hesabu, 9 toa 3. Sasa mtoto wa miaka 6 unaweza kumwambia "nenda chumbani kafanye homuweki zako zote ukimaliza uje" halafu utegemee ziwe zimefanyika? Atafika mlangoni akutane na mjusi ukutani, stori imeishia hapo.

Halafu kuna ile kauli ya mashangazi, "mbona kwenye katuni anatulia, akitaka anaweza." Wangu anaweza kukaa saa nzima anatengeneza gari la makopo na waya, kimya, ulimi nje. Ni kweli. Ndo ugonjwa ulivyo. Ubongo wake unaamshwa na kitu kinachompa raha pale pale, na hesabu ya kutoa ya kukopa haimpi raha yoyote, kwa hiyo gari haliwaki. Sio kwamba hataki kuendesha. Na hapo ndo fimbo inaposhindwa, maana fimbo inamtisha ila haimwonyeshi aanzie wapi, sanasana anajifunza kwamba daftari likitoka tu kipigo kinafuata, kesho akiliona anakimbia mapema zaidi. Nasema hivi na mi mwenyewe nilishachapa.

Mama mkwe wangu yeye anasema ni soda na pipi. Soda ina ubaya wake, ila sukari kuleta ADHD limepimwa sana na halikuonekana. Usigombane na bibi wa watu, punguza soda kimya kimya mambo yaende.

Saa ya kukaa

Usimkalishe akitoka tu shule. Wangu basi la shule linampitia saa kumi na moja na nusu alfajiri, anarudi saa kumi jioni, na siku nzima ameambiwa kaa, nyamaza, usiguse, geuka mbele. Akiingia nyumbani breki zote zimeshaungua. Ratiba yetu iko hivi, anavua sare, anakula kitu cha kueleweka (mihogo, chapati na maharage, yai, sio biskuti), anatoka nje kukimbia kama nusu saa mpaka dakika 40, kisha saa kumi na moja na robo tunaanza. Ule mpira wa nje sio zawadi ya baadaye, unatangulia, akitoka jasho anatulia zaidi, mwenyewe utaona.

Muhimu ni kuanza kabla ya giza. Usiku una mbu, una umeme kukatika, una tivii ya baba yake, na una usingizi. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12, sasa piga hesabu mwenyewe, anayeamka saa kumi na moja alfajiri anatakiwa awe amelala saa mbili usiku na hapo ndo umepata 9 tu. Homuweki inayoisha saa tatu inaiba usingizi, na mtoto mwenye ADHD ambaye hajalala kesho yake ni mara mbili ya leo. Ndo unakuta mnazunguka humo humo wiki nzima.

Mahali

Nilinunua meza na kiti. Nikaviweka chumbani vizuri, na taa. Hela yangu bure kabisa, meza sasa hivi inakaa nguo. Mtoto huyu ukimfungia peke yake kwenye chumba kimya hafanyi kitu, anahitaji mtu karibu. Sasa hivi tunafanyia kwenye mkeka kibarazani nyuma, anapiga magoti, analala kifudifudi, anasimama anaandikia ukutani, mi hainihusu ilimradi penseli inatembea. Kutikisa mguu muache. Wengine wanatulia wakipewa kitu cha kutafuna.

Na mi nakuwa pembeni yake na ungo, nachambua mchele. Hii ndo siri yangu kubwa ukiniuliza. Simsimamii, simwangalii daftari kila sekunde, nachambua zangu mchele na yeye anaandika zake, tuko wawili tunafanya kazi. Nikinyanyuka kwenda jikoni na yeye ananyanyuka. Nikishika simu tu, amekwisha, kwa hiyo simu yangu inabaki ndani inachajiwa. Kama we unarudi saa mbili usiku mfundishe dada wa kazi au kaka yake mkubwa kukaa hivyo, asimfundishe, asimfokee, akae tu anakunja nguo.

Kopo la penseli ni lazima, penseli 3 zilizochongwa, raba, rula. Ukimwacha aende kutafuta kichongeo utamkuta kwa jirani anaangalia kuku.

Kumvusha pale pa kuanza

Zamani nilikuwa nasema "fungua daftari ufanye homuweki". Kwako hiyo ni kazi moja, kwake ni kazi nane: atafute begi, atoe daftari, akumbuke ni somo gani, atafute ukurasa, aandike tarehe, asome swali, alielewe, aandike. Anazama kwenye ya pili.

Sasa nafanya hivi. Begi tunafungua wote. Ukurasa natafuta mimi. Tarehe naandika mimi, ndio, kwa mkono wangu, mwalimu anajua. Swali la kwanza ananitajia jibu naandika mimi, au tunafanya nusu kwa nusu. La pili ananyang'anya penseli mwenyewe. Sio kila siku, ila siku nyingi ananyang'anya, maana naandika taratibu makusudi na yeye kusubiri hawezi.

Siku akiwa mgumu kabisa namwambia "baba, dakika 5 tu, zikiisha unaacha." Na zikiisha kweli namwachia! Usimdanganye. Ukimwambia 5 ukavuta mpaka 20 kesho hakuamini tena na hapo umepoteza silaha. Nilinunua ile saa ya jikoni ya kuzungusha inayolia tiii, anaisikia inavyotembea tik tik tik, muda anauona unaisha. Saa ya simu usitumie, akiigusa tu kuzima kengele yuko kwenye magemu.

Baada ya hapo tunakwenda dakika 10 kazi, 3 mapumziko. Watu husema 25, mtoto wa miaka 9 mwenye hali hii 25 ataziona mwaka mzima. Mapumziko ni ya mwili, aruke kamba, apeleke kikombe jikoni, azunguke nyumba mara mbili. Sio katuni, kutoka kwenye katuni ni vita nyingine mpya kabisa.

Kukata kata

Ukurasa wenye hesabu 10 kwake ni ukuta. Nilichukua jalada la daftari la zamani nikakata kidirisha kinachotosha swali moja, naweka juu ya kitabu, anaona moja tu, akimaliza anashusha. Siku ya kwanza aliuliza "zimeisha?" nikamwambia bado tisa, akasema "ah, sawa", yani vile vile tisa ambazo jana yake alizilalia chini akilia. Sikuamini.

Pia nina vikombe viwili na maharage. Kila swali likiisha anahamisha harage moja kutoka kikombe hiki kwenda hiki, lidondoke likalie "ting". Usiyacheke maharage. Ile ting ndo mshahara wake wa papo kwa papo. Mi nilikuwa namwahidi baiskeli akifanya vizuri mtihani wa Desemba, na ilikuwa Machi! Kwa huyu mtoto Desemba ni kama ahera. Zawadi iwe leo, iwe ndogo, iwe ya kuonekana: maharage 10 ni dakika 15 za mpira na baba, au achague tule nini usiku, au abebe tochi. Na ikizoeleka itachuja, kila baada ya wiki mbili tatu badilisha, usije ukalalamika haifanyi kazi tena, ndo walivyo, kipya kinawaamsha.

Msifu kwa kitu chenyewe. "Umeanza bila kuambiwa mara mbili" inaingia kuliko "hongera mwanangu una akili". Hawa watoto wanasikia "acha" na "kaa" siku nzima, sifa ya kweli wanaipata kwa kuibia.

Mkono ukichoka

Hili nililigundua nimechelewa. Wangu hesabu anajua, kuandika ndo kunamuua. Swali linasema nakili sentensi kisha jaza nafasi, akishanakili mbili mkono umekwisha na hasira zimefika kooni. Nikaenda kwa mwalimu wake. Nilienda na woga, maana mwalimu wa kabla yake aliniambia mbele ya wazazi wengine kwamba mwanangu anahitaji bakora na mimi nahitaji kuacha kumdekeza. Huyu wa sasa alinisikiliza. Sikumwambia ampunguzie kazi kwa huruma, nilimwomba vitu vitatu tu: ajaze majibu bila kunakili sentensi, kwenye hesabu zinazofanana 10 afanye 5, na tukikaa dakika 30 za kweli na haijaisha nisaini pale tulipofikia asichapwe kesho yake. Akakubali viwili hapo hapo, cha tatu akasema atakiangalia, baada ya mwezi akakubali na hicho.

Ukienda kwa mwalimu usiende na lawama wala usiende mikono mitupu, chukua barua ya daktari na ombi fupi linalowezekana. Yule ana watoto wengi darasani, ukimpa somo la ubongo dakika 40 getini atakuona msumbufu. Na usisubiri darasa la nne, kule kuna mtihani wa taifa, shule nyingi zinaongeza mazoezi na tyusheni, hakuna wa kukusikiliza.

Akilipuka

Kuna siku atalipuka tu hata ufanye nini. Anarusha penseli, "mimi ni mjinga, nachukia shule". Usibishane naye pale, usimwambie sio mjinga kwa kumfokea (nimefanya, ni kichekesho). Akishafika huko hakuna kinachoingia. Mi nafunga daftari, napunguza sauti, naongea taratibu kuliko kawaida, nampa maji ya baridi anywe. Kama hataki kuguswa simgusi. Dakika 10 zikipita namuuliza swali moja, "lipi limekukwaza?" na mara nyingi ni kitu kidogo sana, hajaelewa neno moja, au raba imechafua karatasi. Tukiweza tunarudi, tukishindwa nasaini analala.

Na we mzazi jiangalie. Hii hali inarithiwa sana kwenye familia. Baba yake alipokuwa anajibu maswali ya daktari kuhusu mtoto alinyamaza ghafla, akasema "mbona huyu ni mimi". Siku hizi jioni ikiniwia nzito tunabadilishana, yeye anachukua mkeka mimi nachukua sufuria. Kama uko peke yako, na hasira zimeshapanda, bora homuweki ibaki kuliko kitakachotokea.

Kuhusu dawa kwa kifupi, maana naulizwa sana. Dawa zipo na kwa watoto wengi zinasaidia, sio za kumfanya zezeta kama wanavyosema. Ila anaandika daktari na anafuatilia daktari, uzito, hamu ya kula, usingizi, mapigo ya moyo. Kitu kinachohusu homuweki ni hiki: kuna dawa ya ADHD inaitwa methylphenidate, ile ya muda mfupi inafanya kazi kama masaa 4, akimeza asubuhi jioni haipo mwilini, na wengine ikitoka wanakuwa wakali kwa muda. Kama jioni ndo balaa mwambie daktari hivyo hivyo na saa kabisa, usimwongezee kidonge mwenyewe.

Begi

Sasa hiki ndo kilinimaliza. Tumeshapata utaratibu, maharage yanalia ting, kijana anamaliza saa kumi na mbili kasoro, mi najiona bingwa. Mwalimu ananipigia Ijumaa, "mama, huyu wiki hii hajaleta homuweki hata moja." Nikafungua begi. Zote nne zimo, zimefanywa, zimesahihishwa na mimi, ziko chini kabisa zimelaliwa na ganda la ndizi. Anazibeba asubuhi, anakaa nazo siku nzima darasani, anazirudisha. Hakuficha, nilipomuuliza aliniangalia kwa mshangao kabisa, "kumbe zinatakiwa kutolewa?"

Kwa hiyo kufanya ni nusu, kukabidhi ni kazi nyingine inayojitegemea na inahitaji msaada wake. Tulifanya hivi: homuweki zote zinaingia kwenye faili moja jekundu, hakuna kingine kinachokaa humo, na faili linawekwa begini hapo hapo mkekani kabla hajanyanyuka. Kwenye zipu nimefunga utepe mwekundu. Nikamwomba mwalimu asimwulize "homuweki iko wapi", amwambie tu "faili jekundu". Na kuna rafiki yake wanakaa dawati moja, mtoto makini huyo sijapata kuona, akiona utepe anamgonga kiwiko. Wiki iliyopita zimefika nne kati ya tano. Ya tano bado tunaitafuta.